Kichwa Kilichoinama Gotini pa Mzee Kuntai

Waliokuwa sebuleni alasiri ile, Kitengela, ni hawa. Mzee Kuntai ole Lemayian, aliyekuwa ametolewa mtoto wa jicho wiki hiyo na kukatazwa mwanga mkali. Binti yake Naisenya, aliyetoka Mashuuru kuja kumwuguza. Abdikadir Isaak, jirani muuza nguo, aliyefika kumjulia mzee hali akiwa na sahani ya sambusa. Na Koinet, mjukuu wa mzee, aliyepiga magoti mbele ya kompyuta yake aliyoiweka juu ya stuli.

Soipan, dada yake Koinet, alikuwa Eldoret, kitandani hospitalini, mama yao Ruth akimshikia simu. Kesho yake angepasuliwa moyo. Alikuwa amesema neno moja na hakulirudia: haingii chumba cha upasuaji mpaka babu yake ambariki, na auone mkono wake. Sauti peke yake hakuitaka.

"Sioni kitu," Soipan alisema kutoka kwenye kompyuta. "Koinet, mmekaa ndani ya gunia?"

"Ni mapazia. Babu hawezi mwanga."

Abdikadir alicheka. "Si nilikuambia ununue kompyuta ya maana? Hiyo Linux yako haioni hata punda mchana."

"Mzee Abdi, kula sambusa."

Koinet alijua tatizo. Kamera ilikuwa ikijiamulia yenyewe kiasi cha mwanga, na katika giza lile ilikuwa ikishindwa. Aliandika amri ya kuizuia isijiamulie, kisha akaanza kurefusha muda ambao kamera huacha jicho lake wazi kwa kila picha. Ili aone kazi yake, aliikuza picha ya sebule ikajaa kioo kizima, ikamfunika Soipan.

Mara ya kwanza, kalenda ikatokea ukutani. Akaongeza, ukatokea uso wa Naisenya. Akaongeza tena, na picha ikawa nzito. Kamera ikikawia hivyo, kila kinachosogea huacha mkia. Mkono wa Abdikadir uliinua sambusa ukapita kama moshi. Naisenya aligeuka akawa na nyuso mbili.

Kichwa kilichokuwa kando ya goti la Mzee Kuntai hakikuacha mkia.

Kilikuwa kimetulia kabisa. Kidogo, kimenyolewa, kimeinama, kama cha mtoto anayesubiri mkubwa amguse utosini, ndiyo salamu ya mtoto wa Kimaasai.

Koinet aligeuka nyuma. Kwenye zulia hapakuwa na mtu. Akatazama kioo. Kilikuwapo.

"Shangazi," alinong'ona.

Naisenya alikuwa ameshaona. Sambusa ya Abdikadir ilikuwa imekwama njiani.

Mzee, macho yake yangali na ukungu nyuma ya miwani myeusi, alikielekea kioo akatabasamu. "Umeniletea Soipan mpaka gotini," akasema. "Mashine hizi!"

"Babu, ngoja. Huyo si..."

Lakini mtoto akimwinamia mzee wa Kimaasai, mkono hausubiri akili. Ulishuka kando ya kiti. Ukasimama hewani, vidole vimejikunja kidogo, kama vimefunika kitu cha mviringo. Haukushuka zaidi.

Akabariki. Taratibu, bila kuruka neno. Uzima. Miaka mingi. Watoto. Ng'ombe. Kila alipotua, Naisenya alipaswa kuitikia "Naai," yaani Ee Mungu. Midomo ilimkauka.

Iliitikiwa.

Sauti ilitoka chini, kando ya kiti.

Abdikadir aliweka sahani sakafuni, akaanza dua kwa pumzi tu. Koinet alirudisha kamera kama ilivyokuwa. Kioo kikawa cheusi. Mkono wa mzee ulikuwa ungali hewani.

"Babu?" Ilikuwa sauti ya Soipan. "Nilikuona kidogo. Unambariki nani? Mimi bado sijainama."

Naisenya akapiga magoti mbele ya baba yake. "Baba, mbariki tena. Soipan ndiye huyo anayeongea. Yuko mbali."

"Nimeshambariki," mzee akasema, ameudhika. "Nimemshika kwa mkono wangu. Mbona mmemnyoa?"

Nywele za Soipan zilikuwa zimesukwa, zikimfika mabegani.

"Baba, tafadhali."

"Neno limetoka. Unataka nilirudishe kinywani, niligawe upya kama ugoro?"

Walimsihi, akakataa. Kule Eldoret, Ruth alisema inatosha, mtoto apumzike. Soipan alisema, "Sawa, Babu," kwa sauti ndogo, simu ikakatika.

Naisenya alipokuwa akimnawisha baba yake kabla ya chakula, aliugeuza mkono wa kulia juu, kisha akamwita Koinet kwa macho. Kiganjani, juu ya mafuta ya kondoo aliyojipaka mzee kwa ajili ya baraka, vilikuwa vimenata vipande vya nywele. Vifupi. Laini, kama vya mtoto aliyenyolewa punde. Naisenya alivisugua kwa sabuni.

Kesho yake Soipan aliingia bila baraka aliyoitaka, akafariki kabla ya adhuhuri, akiwa bado mezani pa upasuaji.