Milembe na Mawingu ya Moshi

Dalili ya mvua si mawingu. Anayebisha na amuulize Milembe wa Dutwa. Mwaka huo aliyaamini mawingu, akapanda pamba mara mbili. Mara mbili mbegu zikakauka udongoni.

Sasa ulibaki mfuko mmoja wa mbegu. Zamani ushirika ungeleta mbegu nyingine. Siku hizi za soko huria, wakala wa mbegu alipita mara moja, akaenda zake.

Asubuhi hiyo anga lilikuwa zito tena. Baba mkwe wake, mzee Machibya, alitoka na jembe. Wiki nzima alikuwa akichoma nyasi za malisho ili moshi uite mvua.

"Mayu, mama, lete mbegu. Mawingu yamekuja."

"Yamekuja, baba, au umeyapika mwenyewe?"

Mboje, mumewe, alishtuka. "Milembe! Unasema na mzazi."

"Nasema na mwenye kiberiti."

Mzee akanyoosha mkono kuunyakua mfuko. Milembe akaukalia. Mkwe kukalia mbegu mbele ya baba mkwe! Mboje akafunika uso.

Ndipo Danford, bwana shamba, akafika na baiskeli, akawaamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka! Kuna msiba?"

"Bado," alisema Milembe. "Wakipanda leo, utakuwepo."

Akamweleza habari ya moshi na mawingu. Danford alikuwa ametoka semina ya hali ya hewa Mwanza. Akawaingiza ndani, akafunga dirisha, akakung'uta mkeka, akawasha tochi.

"Mnaona vumbi?"

"Tunaona."

"Mwanga umeligonga, ukarudi machoni. Kuna setilaiti mbili zinazofuatana juu angani. Ya kwanza hurusha mwanga kama huu, ikaona moshi, vumbi na mawingu mepesi. Ya pili hurusha mawimbi ya rada. Hayo hupita kwenye moshi kama hakuna kitu. Yakikuta matone ndani ya wingu nene, hurudi. Wataalamu wakilinganisha picha, wanajua palipo moshi na palipo maji."

"Na moshi ukiingia kwenye wingu la kweli?" Mboje aliuliza.

"Chembe za moshi ni nyingi mno. Kila moja hutaka maji yake. Matone huwa madogo, na mara nyingine hayaanguki."

"Ugali mmoja, wageni mia!" Milembe alisema. "Wote wanalala njaa."

"Basi tutajuaje?" mzee alinguruma.

"Sikilizeni utabiri redioni. Mvua ikinyesha, chimbeni. Unyevu ukifika kina cha kiganja kizima, pandeni. Na kiberiti kipumzike, mzee."

Mzee aliondoka bila kuaga. Lakini hakuchoma tena.

Wiki tatu zikapita. Redio ikatangaza mvua, nayo ikanyesha siku mbili. Milembe akachimba. Unyevu ulipita kiganja. Ndipo akaufungua mfuko. Pamba ikaota mstari kwa mstari, bila pengo.

Mzee Machibya alikuja shambani, akainama kutazama miche.

"Pamba nzuri," alisema. "Sasa, mayu, tumalize jambo la mfuko. Uliukalia mbele yangu. Omba radhi."

Mboje akamkonyeza mkewe: sema tu, yaishe.

Milembe akang'oa gugu, akalitupa pembeni, akajinyoosha.

"Baba, nitakupikia. Maji ya kuoga nitakuwekea. Radhi siombi."