Kapasita ya Kongwa

Harufu ya mvua ilianza siku ile ile Shaaban alipoleta nyumbani kapasita ya Kongwa. Ulikuwa mwezi wa Agosti, upepo wa Dodoma umekausha hata mate kinywani, mwaka wa tatu tangu Waingereza wayaache mashamba yao ya karanga huko Kongwa na kutelekeza porini mitambo, ambamo Shaaban aliiokota. Mwajabu alitoka uani, akatazama mbingu nyeupe isiyo na wingu, akarudi ndani akijishika tumbo. Harufu ilikuwa chumbani.

Mumewe, Mrangi wa Kondoa, alikuwa fundi wa redio na mbishi wa kutupwa. Siku hizo alikuwa akiunda amplifaya ya harusi ya Saroj, binti wa Bwana Dhirajlal muuza redio. Yeye na Dhirajlal walibishana kila siku juu ya kapasita, kidude cha ukubwa wa kidole ambacho sauti hupitia kabla ya kufika kwenye spika. Dhirajlal alisema za zamani, za karatasi na nta, zina sauti tamu. Shaaban akasema maadamu namba zilizoandikwa ni sawa, sauti ni ile ile. Mengine ni maneno ya wenye maduka.

"Itoe, bwana," Mwajabu alimwomba asubuhi moja. "Ukiiwasha namsikia mwanamke nyuma ya wimbo, anabembeleza mtoto. Na huyu wangu huacha kucheza." Mimba mbili zilikwisha kuharibika, hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa nane. "Tumwite mwalimu aisomee dua."

"Aisomee kapasita?" Shaaban alicheka. Alimpenda mkewe, lakini alipenda pia kushinda ubishi, na hapo ndipo alipokosea. "Leo tutakata maneno. Utakaa nyuma ya pazia. Sitakwambia nimefunga ipi."

Dhirajlal alifika saa sita mchana. Mwajabu akakaa kitandani nyuma ya pazia, mikono juu ya tumbo. Shaaban akachomelea kapasita mpya ya dukani, akaweka santuri.

"Wimbo tu," Mwajabu alisema. "Mtoto anacheza."

Akafunga ya Kongwa. Wimbo haujafika katikati, harufu ya udongo uliolowa ikajaa chumba.

"Yupo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Leo yuko karibu zaidi. Mtoto ametulia."

Dhirajlal alikunja uso. "Inatosha, Shaaban. Nimeshinda, basi tuiache."

Neno hilo lilimchoma. Aliing'oa kapasita ya Kongwa, akaitupa nje uani, akairudisha ile mpya, kisha akaweka santuri huku akimkonyeza Dhirajlal.

"Bado yupo," Mwajabu alisema.

"Umeona?" Shaaban alinong'ona, uso umemng'aa. "Nimefunga mpya. Anasikia anachokiogopa tu. Kapasita haina kosa."

 Dhirajlal alikuwa akilitazama pazia, limevimba kuelekea kwao ilhali dirisha limefungwa. "Kama si kapasita," alisema polepole, "basi amekwisha kutoka humo."

Shaaban akaruka, akachomoa waya wa umeme, taa za amplifaya zikafifia moja baada ya nyingine, wimbo ukazama ukafa, na katika kimya kile cha mchana, huku upepo ukisugua mchanga kwenye mabati, akamsikia kwa masikio yake mwenyewe, nyuma ya pazia, mwanamke akibembeleza bila haraka, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea kitanda kile.

"Mke wangu, ni wewe?"

"Si mimi," Mwajabu alinong'ona. "Bwana, mtoto hachezi. Nimemgusa, nimemtikisa, hachezi kabisa."

Hofu na aibu vilimshika Shaaban kwa pamoja. Akalivuta pazia. Mwajabu alikuwa peke yake, machozi yanamtiririka, na ile sauti ikanyamaza, kama mama anavyonyamaza ili asikilize, kisha kutoka ndani ya spika isiyo na umeme kichanga kikacheka.