Sauti ya Marehemu Niliyoiweka Mezani

"Hapa huingii. Labda unikanyage."

"Mama Pacha, naomba niongee naye dakika mbili tu."

"Mtoto wa watu mmemtoa roho kwa dadu na hadithi, sasa unataka dakika mbili? Nilidhani mnachinjana huko."

Jirani yangu huyu ana mwili wa kuziba mlango na mdomo wa kuamsha mtaa. Nyuma yake alikuwa analia mchumba wangu. Nyuma yangu, chumbani kwangu, kinyozi na mwalimu wa hesabu walikuwa bado mezani, wanacheka.

Kila Jumamosi mchana tunacheza mchezo wa kusimulia. Mchumba wangu na hao wawili ni mashujaa, mimi nasimulia ufalme na majoka yake, dadu zinaamua nani apone. Majoka yakawachosha, kinyozi akaanza kupiga miayo, nikaamua kutia hofu. Wanaoujua mchezo huu huulizana kwanza: kitu gani kisiguswe? Mimi sikuuliza. Niliona nitaua utamu.

Nikafunga pazia, nikaburuza ndara sakafuni, nikaita kwa sauti ya mgonjwa: "Kifaranga... maji yangu yako wapi?"

Aliyemwita mchumba wangu Kifaranga ni marehemu mama yake tu. Siku mama anakata roho, yeye alipitiwa na usingizi, na maji aliyoombwa yakabaki jikoni. Hilo aliniambia mimi peke yangu, kichwa chake begani kwangu.

Aliposikia sauti ile alikimbilia kwa Mama Pacha, na sasa, nikiwa nimezuiwa mlangoni, nikampigia. Simu ikaita humo ndani, ikakatwa. Ujumbe ukaingia:

"Wenzako wananiita mwoga na wewe umenyamaza."

"Nisamehe mpenzi, ulikuwa mchezo."

"Ulijua."

Nilijua. Nilipokuwa naandika mzimu ule kwenye daftari nilijua kabisa, na bado nilitabasamu, nikiona utakavyonoga. Aibu ikanipanda mpaka masikioni.

Nikarudi chumbani, mlango nikauacha wazi.

"Vipi, mwoga wetu kapoa?" kinyozi akauliza.

"Si mwoga. Nimechukua siri yake nikaifanya mzimu, ili nyie mnisifu. Siri yenyewe siwaambii, na msimuulize. Mkitaka kucheka, nichekeni mimi."

Mwalimu akainamia dadu zake. Kinyozi, ambaye hata maiti anaweza kumpigia soga, alikuwa na maneno matatu tu.

"Hapo umekosea, kaka," akasema.

Nikatoka. Kugonga nilishindwa, sikuwa na uso wa kugongea.

"Tumesikia," akasema Mama Pacha, akifungua mlango. "Kuta zenyewe hizi kama karatasi."

Mchumba wangu akatokea begani kwake, macho mekundu.

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Na wiki ijayo nasimulia mimi. Wewe utakaa uogope kama wenzako."

"Sawa."

"Nitakuuliza kwanza kisiguswe nini. Mimi nitauliza."

Nikatazama sakafu. Kutoka ndani nikasikia kijiko kikigonga sufuria, na pacha wakigombea kiti.

"Mpishe, Mama Pacha," akasema, bila kunitazama. "Aingie ale."