Manyoya Kwenye Shuka za Wodi

Majirani zangu, sogeeni kidogo niwaeleze jambo lililotokea ukuta kwa ukuta na nyumba yangu. Sisengenyi. Wenyewe wamenipa ruhusa, na baba wa nyumba hiyo ndiye aliyenisisitiza: "Wasimulie, ila usinipunguzie kosa langu hata kidogo."

Hapo jirani anaishi mama ambaye sote tunamwita Mama Dobi. Ukipita nyuma ya nyumba yake asubuhi, utaona shuka zimeanikwa, nyeupe pe, zimenyooshwa mpaka kwenye pembe. Ndani, katika chumba kidogo cha sakafu ya saruji, mashine yake ya kufulia huzunguka kwa mlio wa taratibu, na mwenyewe huimba chinichini akipanga zilizokauka. Mama huyu alianza kwa beseni na mikono yake miwili. Mikono ile ndiyo iliyonunua mashine, na sifa ya mikono ile ndiyo iliyomfanya matroni wa kituo cha wazazi amkabidhi shuka za wodi. Hebu fikirini: shuka ambayo mtoto analazwa juu yake siku anapoingia duniani! Mama Dobi alizikunja kama askari anavyokunja bendera.

Mumewe ni dereva mstaafu wa mabasi ya masafa marefu. Binti yao ni mshonaji, na ndiye aliyemwokota mbwa mmoja kwenye mvua, mbwa mwenye manyoya mengi hata wakampa jina la Zulia. Mbwa mpole kweli, lakini kila alipolala aliacha nusu ya mwili wake. Dereva alimpenda kuliko hata aliyemwokota. Akamlaza kwenye blanketi, akamlaza kwenye kochi, akamlaza kwenye koti lake mwenyewe.

Mama Dobi akaweka sharti. Nguo yoyote aliyolalia Zulia ikung'utwe nje kwanza na kupigwa brashi. Ifuliwe peke yake. Ikishatoka, chujio la mashine lisafishwe. Binti alifuata. Dereva alitia pamba masikioni.

"Mke wangu, kazi ya mashine si kufua?"

"Inafua uchafu, mzee. Manyoya hayayeyuki."

"Sasa unyoya utaiua mashine ya chuma?"

"Mmoja hauiui. Tatizo hauji mmoja."

Akacheka, akaenda zake na mbwa wake. Nawauliza ninyi mnaonisikiliza: ni wangapi kati yetu hucheka namna hiyo tunapoonywa na mtu anayeijua kazi yake, kwa sababu tu mtu huyo ni mke?

Basi ikatokea Mama Dobi akaitwa kwa dada yake aliyekuwa mgonjwa. Shuka za wodi zilikuwa zimeshaletwa. Binti alikuwa kibaruani kwake. Dereva akasema, "Nenda, mke wangu. Niachie mimi." Na nia yake ilikuwa njema, hilo lazima nilitaje. Lakini alipozijaza shuka kwenye mashine, akaona nafasi imebaki, akachukua na blanketi ya Zulia akaisokomeza humo humo, haijakung'utwa wala kupigwa brashi. Zilipokauka akazikunja bila kuzitazama, akazipeleka kituoni, akarudi amevimba kifua.

"Umeona?" akamwambia mkewe aliporudi. "Kazi imekwisha."

Mama Dobi akamshukuru kwa moyo wote.

Kesho yake Matroni akaja mwenyewe, amekumbatia kifurushi. Hakuketi.

"Mama, mzazi mmoja amekuta manyoya ya mbwa kwenye shuka aliyomfunikia mwanawe. Amelia sana. Ameniuliza hapa ni wodini au ni bandani."

Mama Dobi akaichukua shuka moja, akaiinua kwenye mwanga wa mlango. Manyoya yalikuwa yamejisuka kwenye kitambaa kama uzi. Dereva alikuwa amesimama nyuma yake. Alingoja atajwe.

"Kosa limetoka nyumbani kwangu, Matroni," akasema Mama Dobi. "Kwa hiyo ni langu. Nisamehe."

"Nakuheshimu, mama, lakini kwa sasa naisimamisha kazi."

Matroni alipoondoka, Mama Dobi hakupiga kelele. Alizirudisha shuka kwenye mashine azifue upya. Mashine ikazunguka kidogo, ikaguna, ikanyamaza, maji yamejaa ndani. Yakaanza kuvuja mlangoni na kutambaa sakafuni.

Akaitwa fundi wa mashine. Akalala kifudifudi, akafungua kile kimlango kidogo cha chini, akaingiza vidole, akavuta. Likatoka bonge la manyoya lililolowa.

"Mama," akasema fundi, "nimekuja kutengeneza mashine, kumbe nimeitwa kuzalisha paka!"

Hakucheka mtu. Fundi akajikohoza, akaeleza kwamba pampu ya kutolea maji ilikuwa imekabwa koo. Ingeendeshwa hivyo kidogo tu zaidi, ingeungua. Akawaonyesha na manyoya mengine yaliyojificha kwenye mikunjo ya mpira wa mlango.

Alipokwenda zake, Mama Dobi akamgeukia mumewe.

"Mzee, ulipokuwa barabarani, uliwahi kuondoka bila kukagua maji na oili?"

"Mimi? Hata siku moja!"

"Na mtu angekutilia mchanga kwenye tangi la mafuta?"

"Ningem..."

"Mashine hii ndiyo basi langu. Na abiria wangu ni wale watoto."

Dereva akainuka. Kisha akavaa shati safi, akatoka. Mkewe alidhani amekasirika. Kumbe alikwenda moja kwa moja kituoni, akasimama mbele ya Matroni na wauguzi wake.

"Mke wangu amebeba kosa lisilo lake," akasema. "Aliyechanganya shuka na blanketi ya mbwa ni mimi."

"Mbona yeye hakusema?"

"Kwa sababu ananistahi kuliko nilivyoistahi kazi yake."

Akaomba apelekwe kwa yule mzazi. Alikuwa msichana mdogo tu, anamnyonyesha mwanawe. Akamsikiliza mpaka mwisho. "Nimekusamehe, baba," akasema. "Ila mwambie mama arudi kufua yeye. Shuka zake za mwanzo zilikuwa zinanukia jua."

Matroni akakubali shuka zikifuliwa upya azikague mwenyewe.

Nyumba ile ikageuka. Dereva akampiga Zulia brashi nje, upande upepo unakoelekea, mpaka majani yakawa na manyoya mengi kuliko mbwa. Binti akashona mfuko wa kitambaa cha chandarua wa kufulia nguo za mbwa, manyoya yabaki humo. Dereva akapiga magoti mbele ya mashine, akafuta mikunjo ya mpira, akasafisha chujio, akaizungusha tupu kwa maji ya moto, kisha akapitisha kitambaa cheupe ndani ya pipa lake kuona kama kuna kilichobaki. Ndipo shuka za wodi zikaingia, peke yake.

Walizipeleka pamoja. Matroni alizitandaza dirishani moja moja, akazipitisha juu ya sweta lake jeusi ambalo lingeonyesha hata unyoya mmoja. Hakukuwa na kitu.

"Mama," akasema, "wodi inakungoja."

Nilikuwa mlangoni kwangu waliporudi. Mama Dobi alitembea katikati ya barabara, shingo imenyooka, furushi jipya kichwani. Nyuma yake Dereva na furushi la pili. Jamaa mmoja pale dukani akapaza sauti: "Dereva! Siku hizi umekuwa msaidizi wa dobi?"

Dereva akasimama, akaliweka furushi vizuri begani.

"Mimi ni utingo wake," akajibu. "Na basi hili halijawahi kuwa na dereva kama huyu."

FUNZO

Ndugu zangu, mwenye mnyama na ampende, lakini manyoya yake yaishie nje, yasiingie kwenye mashine. Kung'uta, piga brashi, fua kando, safisha chujio: ni kazi ndogo, na inaepusha hasara na aibu. Lililo kubwa zaidi ni hili. Kifaa anachofanyia kazi mwenzako ni heshima yake. Ukikidharau, umemdharau yeye, na madhara yatawafikia hata wasiokujua. Na ukikosea, usimwache mwenzako akubebee. Nenda mwenyewe, mchana, useme, "Ni mimi." Mtaa wetu haukumdharau mwanamume aliyefanya hivyo. Unamwonea fahari mpaka leo.