Treni ya Uongo na Goti la Pengo

Kila siku alipotoka shule, kabla hata ya kuvua soksi, Dada alibandika sufuria ya maji jikoni. Maji yakishapata moto wa kuvumilika, alichovya taulo, akalikamua, akalitandaza juu ya goti la mdogo wake na kuhesabu hadi mia mbili kwa sauti. Nyumbani wote walimwita Dada, hata mama yao, ingawa alikuwa na miaka kumi na miwili tu. Mdogo wake alikuwa na miaka sita, nao walimwita Pengo kwa sababu meno yake mawili ya mbele yaling'oka kwa mpigo mmoja, na mapya hayakuwa na haraka ya kuota.

Pengo alikuwa amevunjika mguu alipoanguka kutoka ukutani. Mfupa uliunga vizuri, lakini plasta ilikaa wiki nyingi, na ilipotolewa goti lilikuwa gumu kama kuni. Hospitalini palikuwa na mama mmoja mwenye mikono minene aliyesimamia mazoezi ya viungo. Pengo alimpa jina la Daktari wa Goti. Huyo alisema mtoto akunje goti mara ishirini asubuhi na mara ishirini jioni.

"Litauma," alisema bila kuzunguka. "Lakini lisipokunjwa sasa, litabaki hivyo hivyo maisha."

Asubuhi alisimamia mama. Jioni mama alikuwa bado kwenye cherehani yake, kwa hiyo zamu ilikuwa ya Dada.

"Moja," Dada alihesabu. "Mbili."

"Inatosha!" Pengo alilia. "Dada, inauma!"

"Zikifika tano nakwambia kitu kipya cha kule bustanini."

Pengo alijikaza kisabuni, akakunja tatu nyingine, machozi yakimtiririka. "Haya, sema."

Na Dada akasema. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Pengo alipokuwa bado kitandani na plasta, shangazi yao alimchukua Dada kwenda kwenye bustani mpya ya michezo. Mabango yake yalikuwa yamebandikwa kila mahali mjini: gurudumu kubwa la kupandisha watu, mabata ya plastiki ya kuendesha majini, na treni inayopita chini ya maporomoko ya maji. Pengo alilia mpaka akashikwa na kwikwi walipoondoka bila yeye.

Lakini kule bustanini gurudumu lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Mabata yalikuwa yamekaa kwenye tope, maana bwawa lilikuwa limekauka. Aiskrimu ilikuwa maji matupu, chipsi zilikuwa baridi na zimelegea, na soseji ilikuwa imeungua nje huku ndani ikiwa haijaiva. Treni yenyewe ilikuwa na mabehewa mawili. Injini ilikuwa imekufa, na mfanyakazi mmoja aliisukuma kwa mikono kuzunguka kichuguu cha saruji. Shangazi alisonya njia nzima ya kurudi.

Dada alipoingia chumbani, Pengo alikuwa anamsubiri, mguu umelazwa juu ya mito, macho yanang'aa. "Kukoje? Kukoje?"

Angeweza kusema ukweli. Lakini alimwonea huruma. Isitoshe, tusimfichie, alipenda pia kutazamwa vile, kama mtu aliyetoka kwenye nchi ya ajabu. "Pazuri sana," alisema. "Siwezi hata kueleza."

Tangu mazoezi yaanze, alieleza. Kila Pengo alipokunja mara tano alipata kitu kipya. Leo maporomoko yanayorusha matone usoni, kesho aiskrimu ya rangi saba, keshokutwa gurudumu ambalo ukiwa juu unaliona paa la shule. Na goti likakunjika! Mama akamsifu Dada. Daktari wa Goti akampigapiga begani na kusema, "Una kipaji, mwanangu." Kila sifa ilimchoma. Alikuwa akitabasamu huku nafsi yake ikimsuta.

Kisha mama akatoa tangazo mezani. "Pengo sasa anatembea na fimbo peke yake. Jumamosi tunakwenda bustanini, na yeye apande hiyo treni."

Pengo alipiga kelele za furaha. Dada aliweka kijiko chini.

"Mama, si tusubiri apone kabisa?"

"Tusubiri nini? Mtoto amelia vya kutosha kwa ajili ya hiyo treni."

Mara tatu wiki ile Dada alifungua mdomo kusema, na mara tatu aliufunga. Jumamosi ikafika.

Pengo alikataa kubebwa. Alitembea mwenyewe kutoka getini, fimbo mkononi, akigeuza shingo huku na huku. Mama alinunua chipsi. Zilikuwa baridi vilevile. Pengo alitafuna moja polepole, halafu akasema kwa adabu, "Labda za moto ziko kule kwenye treni."

Dada alitamani ardhi ipasuke immeze.

Walipanda treni. Ikazunguka kichuguu mara mbili, huku mwanamume mwenye kofia iliyofifia akihema nyuma yao. Iliposimama, Pengo alimgeukia. "Shikamoo. Hii ni ya watoto wadogo, sivyo? Ile ya maporomoko iko wapi?"

Msukumaji alijifuta jasho akicheka. "Marahaba, mwanangu. Hapa hata maji ya kunawa ni shida. Maporomoko tutayatoa wapi?"

"Lakini binti yangu aliyaona," mama alidakia. "Alikuja hapa kabla yetu, akayaona kwa macho yake."

"Mama, mimi nasukuma kitu hiki tangu siku ya kwanza. Hayajawahi kuwapo."

Mama alishika kiuno. "Kwa hiyo mtoto wangu ni mwongo? Semeni tu mmeyaharibu. Niitie mkubwa wako."

Uso wa msukumaji ulibadilika. "Tafadhali, mama, usiniletee maneno kazini. Sijafanya kosa lolote."

Dada alimtazama yule mtu, kofia mkononi, shati limelowa jasho, akijitetea kwa jambo lisilomhusu. Hapo hakuweza tena.

"Mama, mwache," alisema. "Hayakuwapo. Niliyatunga mimi."

Mama alishusha mikono kutoka kiunoni. Kisha alimwomba radhi msukumaji, na aibu ilimjaa usoni.

Pengo hakulia. "Na aiskrimu ya rangi saba?" aliuliza.

"Hapana."

"Na gurudumu la kuona paa la shule?"

"Lilikuwa limefungwa, Pengo. Sikulipanda."

Aliviuliza vyote, kimoja baada ya kingine. Alivikumbuka kwa mpangilio uleule aliovipata kwa maumivu, na kila "hapana" ilimuuma Dada kuliko iliyotangulia.

Kesho yake, Dada alipokuja na taulo la moto, Pengo aliingiza mguu chini ya blanketi. "Sikunji."

Mama alibembeleza, akagomba, akaahidi peremende. "Mnasema tu," Pengo alijibu. Siku nne zilipita hivyo. Goti lilianza kukaza tena, na fimbo aliyokuwa karibu kuiacha aliiegemea kwa mikono miwili. Dada alikuwa akimwangalia akichechemea kwenda msalani, na alijua nani amemrudisha pale.

Hospitalini, Daktari wa Goti alilishika goti mara moja tu. "Limerudi nyuma. Nani ameacha kazi?"

Mama alitaka kujibu, lakini Dada alimtangulia. Alieleza yote, tangu plasta mpaka treni, bila kujipunguzia. Daktari wa Goti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta kiti karibu na mgonjwa wake.

"Pengo, leo litauma kuliko siku zote."

Pengo alimgeukia dada yake, akamkazia macho. "Kweli?"

Maneno matamu yalikuwa tayari mdomoni mwa Dada, kama alivyozoea. Akayaacha.

"Kweli. Litauma sana. Tano za kwanza ndizo mbaya zaidi, nimekuona kila siku. Na ukimaliza sina cha kukupa. Hakuna treni, hakuna aiskrimu. Ni goti lako tu litakalokunjika."

Pengo alifikiri. Taratibu akautoa mguu chini ya kiti.

Alilia tangu moja mpaka tano, kwa sauti ya kusikika koridoni. "Zimebaki ngapi?"

"Kumi na tano."

"Nyingi!"

"Nyingi," Dada alikubali, na machozi yalikuwa yanamtoka yeye pia. "Sita."

Walifika ishirini.

Mama alipokuwa akimvalisha Pengo kiatu, Daktari wa Goti alimwita Dada dirishani. "Miaka yote hii kazi yangu ni kuwaumiza watoto wa watu," alisema. "Unajua kwa nini wanarudi kwangu? Kwa sababu nikisema litauma, linauma, na nikisema nimemaliza, nimemaliza. Ulimdanganya kwa huruma, najua. Lakini mgonjwa anamwegemea mtu kabla ya kuegemea fimbo, na mtu huyo akiwa wa uongo, anaanguka. Imani yake haitarudi leo wala kesho. Itarudi polepole, kama hilo goti, na itakuuma. Usiache."

"Sitaacha, daktari."

Pengo alikuwa amesimama mlangoni akiwasubiri, uso bado una michirizi ya machozi.

"Jioni utahesabu wewe?" alimuuliza Dada.

"Nitahesabu mimi."

"Bila kuruka namba?"

"Bila kuruka hata moja."

Pengo alimtazama kidogo, akampima. Kisha akampa mkono mmoja, mwingine akaubakiza kwenye fimbo.