Upande wa Ukutani

Giza lilikuwa linaanza kuingia mtaa wa Sham Shui Po pale Sau-lin aliposhuka kwenda kuchukua mashuka ya mama mkwe wake kwa dobi. Mzee Tong hakumpa furushi mara moja. Alilishikilia juu ya meza, akainamisha kichwa.

"Shemeji, madoa haya hayatoki. Nimechemsha, yamegoma. Una kunguni nyumbani."

"Kunguni?"

"Angalia kwenye mishono ya godoro." Akasita. "Mama yako analala na nani?"

"Peke yake, mzee. Mume wangu yuko safarini na lori."

"Mbona damu iko pande zote mbili?"

Sau-lin alichukua furushi lake, akaondoka.

Mama mkwe alikuwa jikoni, amekunja mikono ya blauzi, anajikuna. Vipele vilikuwa vimejipanga mstari kutoka kiwiko hadi bega, vyekundu, vimevimba. Tangu walipoletewa kile kitanda cha mbao na jirani wa juu, Shangazi Ngan, bibi huyu alikuwa anakonda tu.

"Umerudi," alisema bila kugeuka. "Ulipitia kule darajani?"

"Darajani kufanya nini, mama?"

"Usinifanye mtoto. Picha yangu moja haionekani. Umempelekea yule mwanamke wa darajani anayelaani watu kwa kupiga karatasi kwa kiatu. Kila akipiga, mimi natoka kipele."

"Mama, ni kunguni! Hata dobi kaona."

"Kunguni nawajua kabla hujazaliwa. Hawa wametumwa."

Sau-lin alichukua tochi, akaingia chumbani kwa bibi. Akainua pembe ya godoro.

Harufu ilimpiga puani... tamu, nzito, kama majani ya giligilani yaliyooza ndani ya mfuko.

Kwenye mishono kulikuwa na vitone vyeusi, kama mtu kagusagusa kwa ncha ya kalamu. Maganda makavu. Mayai meupe. Na wenyewe walikuwemo, bapa, rangi ya kutu, wakikimbia mwanga. Upande wa mlangoni, alikolala mama, walikuwa wachache, wembamba, wenye njaa.

Akamulika upande wa ukutani.

Huko walijaa. Wamevimba. Wamenenepa kwa damu hata kukimbia hawawezi.

Lakini upande ule halali mtu.

Alipanda ngazi mpaka kwa Shangazi Ngan. Mlango ulifunguka kidogo, mnyororo haukutolewa. Jicho moja likachungulia.

"Shangazi, kile kitanda kilikuwa cha nani?"

"Cha dada yangu."

"Alifia humo?"

"Alifia hospitali." Kisha, kwa kunong'ona: "Mkweo analala upande gani?"

"Wa mlangoni."

"Afadhali. Mwambie asisogee."

"Asisogee kwa nini? Shangazi! Mlijua, mkatupatia?"

Mlango ulifungwa.

Sau-lin alirudi chini. Alichemsha maji, akatafuta pasi ya mvuke na bisibisi. Mama mkwe alisimama mlangoni akimtazama anavyotoa jasho, anavyokwangua nyufa kwa kadi ngumu, anavyofunga godoro ndani ya nailoni na kuzungushia utepe wa gundi. Mtu aliyemroga mwenzie asingehangaika hivi. Bibi akaja taratibu, akaishika birika.

"Wewe shika tochi. Mimi namimina."

Walianza upande wa mlangoni. Kunguni walianguka sakafuni, wakafa. Kisha wakahamia ukutani. Maji yalitiririka kwenye ubao, mvuke ukapanda...

"Aaah... taratibu."

Birika ilimponyoka bibi.

Televisheni ya jirani ilikuwa inacheka nyuma ya ukuta.

"Umesikia?" bibi alinong'ona.

"Ni mbao, mama. Zikipata moto zinalia."

"Mbao haziongei."

Bibi alimshika mkono, akaukaza. Hawakumaliza kumwagia. Walifungua skrubu haraka haraka, wakashusha kila ubao kwa lifti hadi mahali pa takataka, na Sau-lin akaandika kwa rangi nyekundu: KUNGUNI. USICHUKUE. Usiku ule wote wawili walilala chumbani kwa Sau-lin, taa ikiwaka.

"Nilikuwazia vibaya, mwanangu," bibi alisema gizani mwa shuka. Sau-lin alimfunika mabega.

Asubuhi alishuka kuhakikisha. Mbao hazikuwepo. Mfagiaji alikuwa anakusanya maboksi.

"Gari la taka limeshapita, kaka?"

"Bado. Mbao zako kachukua mzee mmoja kwa mkokoteni. Nimemsomea maandishi, kasema atazipaka dawa." Akatikisa kichwa. "Sema mkewe kanitia huruma. Mzee anavuta mpaka magoti yanakunjika, yeye kakaa tu juu ya mbao. Lakini angetembeaje? Mkono mzima umebabuka, kama kamwagiwa maji ya moto sasa hivi."

"Mkewe... alisema kitu?"

"Hakusema. Na mzee wala hakugeuka kumtazama, analalamika tu kwamba mbao hizi nzito ajabu."

"Walielekea wapi?"

Mfagiaji alinyoosha ufagio kuelekea mtaa wa soko, ambako watu walikuwa wameshajaa. Sau-lin alikimbia hadi kona, akaangalia huku na huku, akaita. Mikokoteni ilikuwa mingi.

Kwa mama mkwe alisema gari la taka limeshapita.