Alama ya Mlangoni

Rafiki yangu, fundi rangi, alitumwa na mjane wa seremala akaung'oe mlango wa stoo kwenye karakana ya marehemu. Seremala huyo alimchongea binti yake hata vifungo vya gauni, na kila siku yake ya kuzaliwa alilamba ncha ya penseli na kumpima urefu kwenye mlango huo.

"Shemeji, nakujua na brashi yako, usije ukazipaka rangi alama zake," mjane alisema. "Leo mtoto ametimiza miaka tisa, hana wa kumpima."

Karakana ilikuwa imefungwa tangu mazishi. Gizani, fundi alisikia penseli ikikwaruza mbao, kisha kimya. Akawasha tochi. Upana wa vidole viwili juu ya alama ya nane palikuwa na ya tisa, haijakauka mate.